Tagore yuko jukwaani, Muyaka wetu yuko kabatini

Kila nisikiapo kundi la Wahindi limeyatia mashairi ya malenga wao katika ngoma na kuyapandisha jukwaani, hujiuliza: sisi watu wa Mvita tumeshindwa na nini?

Kwao jambo hili si geni. Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913, alitunga michezo ya ngoma uzeeni: Chitrangada mwaka 1936, Chandalika 1938 na Shyama 1939. Pesa hakuwa nazo. Mwaka huo wa 1936, akikaribia umri wa miaka 75, alizunguka miji ya India na wanafunzi wake kukichangia chuo chake, hadi Gandhi akamtafutia rupia 60,000 apate kupumzika. Lawama pia alizipata, kwani binti wa watu kucheza mbele ya hadhira ilikuwa aibu. Leo makundi ya kisasa yangali yakizifufua kazi zake.

Sisi tunaye Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840. Ndiye asemwaye kuutoa ushairi msikitini akauleta sokoni: vita vya Wamazrui, mapenzi, dhiki, majibizano. Mwalimu Sikujua alimsaidia mmishonari William Taylor kuzikusanya beti zake, Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940, na Profesa Mohamed Abdulaziz akamwandikia kitabu mwaka 1979. Vyuo vikuu vyamjua. Kijana wa Kibokoni je?

Wako watakaosema kuiga Wahindi ni kupotea. Lakini Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika maneno ya malenga wetu, yakiwemo ya Ahmad Nassir. Hakuna harusi iliyoyakataa. Mahadhi tuliazima tukayafanya yetu. Tutashindwaje kuazima njia?

Wengine watauliza kuhusu haya. Swali la haki. Ila goma la wanaume huchezwa kwa kanzu na bakora, kwa mwendo wa taratibu, na hakuna aliyeliita utovu wa adabu. Vugo na lelemama zina nafasi yake, wanawake kwa wanawake. Mchezo unaweza kupangwa na mipaka yetu ikabaki.

Linalobaki ni nia na fedha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Basi utamaduni usiwe mahema, spika na hotuba za siku moja. Mtaala mpya nao una mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili. Wanafunzi wapo, Ngome ipo, wacheza goma wapo. Zichaguliwe beti chache za Muyaka, apatikane mwalimu ajuaye Kimvita cha zamani, kazi ianze kidogo kidogo.

Nasema tuharakishe kwa sababu moja. Beti zimo vitabuni, hazitapotea. Kinachopotea ni maana ya maneno yake, na hiyo imo vifuani mwa wazee. Kila tunayemzika huondoka na sehemu yake. Tukichelewa, siku tutakapompandisha Muyaka jukwaani tutahitaji mkalimani, na huyo mkalimani huenda akatoka Ulaya.