Seli Haziishi Pweke

Mwalimu wa Biolojia anapoanza somo la seli, aghalabu huchora duara ubaoni, akaweka kiini katikati, akaonyesha utando na saitoplazimu. Wanafunzi huunakili mchoro huo, wakaukariri, na siku ya mtihani wakaurudisha kama walivyoupokea. Hatusemi kwamba mchoro huo ni mbaya. Tusemalo ni kuwa humfanya mwanafunzi adhani seli huishi pweke, ilhali mwili wa binadamu ni seli zisizohesabika zinazotambuana, zinazoshikana na kuachana kwa utaratibu. Kazi hiyo hufanywa na protini zilizo juu ya utando wa seli. Maoni yetu ni kwamba ushikamano wa seli hauna budi kufundishwa mapema, tena kwa mfano unaomgusa mwanafunzi nyumbani kwake.

Tulipata kusadiki jambo hili tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha. Mwalimu-mwanafunzi wetu mmoja alikuwa akifundisha malaria katika Kidato cha Pili, na somo lake lilikwenda vizuri. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, mdogo wangu alishikwa na degedege. Bibi alisema ni ndege aliyepita juu ya nyumba usiku. Wewe umetuambia malaria imo katika damu. Basi hufikaje kichwani?" Mwalimu alisita, kisha akajibu kwamba jambo hilo litafundishwa katika madarasa ya juu. Kengele ikalia. Lawama hatukumtupia yeye, kwa kuwa sisi tuliomfundisha hatukumpa jibu. Bibi alikuwa na maelezo; shule haikuwa nayo.

Jibu lenyewe laanzia katika afya. Ukuta wa ndani wa mishipa yetu ya damu umetandazwa seli bapa zilizopangika kama vigae. Juu ya seli hizo hukaa protini iitwayo kwa kifupi ICAM-1. Mahali pasipo na madhara protini hiyo huwa chache. Uambukizo unapoingia, seli za ukuta huiongeza. Chembe nyeupe za damu, ambazo nazo zina protini yao ya kushikia, hunata ukutani, zikapenya baina ya seli na kwenda kupambana na bakteria. Pasipo mshiko huo askari wangechukuliwa na mkondo wa damu bila kushuka penye vita. Hili si la kudhania tu. Wapo watoto, ingawa ni wachache sana, wanaozaliwa na kasoro ya urithi katika protini ya upande wa chembe nyeupe. Kitovu chao huchelewa kudondoka, vidonda vyao havifanyi usaha wala havipoi upesi, na maambukizo huwarudia mara kwa mara, ingawa damu yao imejaa chembe nyeupe. Mwanafunzi akisikia habari hiyo, huona mara moja kwamba wingi wa askari si kitu ikiwa hawawezi kusimama.

Lakini mlango aujengao mwenye nyumba, mwizi naye hupita humo. Mwaka 1989 ilibainika kuwa virusi vingi vya jamii ya rinovirusi, visababishavyo mafua, huingia katika seli kwa kuishika ICAM-1. Mwaka huo huo wataalamu walionyesha kwamba chembe nyekundu zenye kimelea cha Plasmodium falciparum nazo huweza kunata katika protini hiyo hiyo.

Kimelea hicho hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48 hivi. Katika nusu ya kwanza chembe huzunguka pamoja na nyingine. Katika nusu ya pili kimelea hutoa protini zake na kuzipanga juu ya chembe, ikaota vinundu, ikanata katika ukuta wa mishipa myembamba. Kwa njia hiyo huepuka kupita katika wengu, ambako ingeangamizwa. ICAM-1 si mshiko wake wa pekee, lakini ni mmojawapo ulioonekana katika mishipa ya ubongo. Mishipa ya ubongo ikizibwa hivyo, mgonjwa hutukutika, akapotewa na fahamu. Hilo ndilo jibu la msichana yule. Mwalimu aongeze, kwa uaminifu, kwamba si kila degedege ni malaria ya ubongo, maana homa kali yoyote yaweza kumtia mtoto mdogo mtukutiko. Ila kila degedege yapasa ipelekwe hospitali bila kukawia.

Hapa ndipo somo linapookoa maisha. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki imekuwapo imani kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Mwanafunzi aliyeelewa ushikamano wa seli aweza kueleza kinyume chake. Kwinini huua hasa vimelea vilivyokomaa, ambavyo vingi vimekwisha kunata. Artesuneti huua hata vile vichanga vingali vikizunguka, kabla havijapata kushika ukuta. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, waliodungwa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliodungwa artesuneti asilimia 8.5. Sindano hiyo basi si adui wa mtoto.

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni magumu, nasi hatuna maabara. Twajibu kwamba jina la protini si lazima likaririwe. Kinachotakiwa ni wazo. Zana nazo ziko kando ya njia. Pasua mwanzi, utandike ndani yake kipande cha blanketi kuukuu, uuinamishe. Mimina kunde kavu: zitateremka zote. Kisha mimina mbegu za kishona-nguo: nyingi zitanata njiani. Ongeza mbegu hizo mpaka njia izibe, kisha mimina kunde tena, uwaulize wanafunzi wanaona nini. Baada ya hapo uwaulize pia mfano huu unakosea wapi. Watagundua kwamba blanketi halikuchagua la kushika, lakini protini za mwili hushika kile tu kinacholingana na umbo lake. Mfano usiochunguzwa makosa yake huzaa ujinga mpya.

Liko na funzo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi Kilifi, katika pwani ya Kenya, walitangaza kuwa wameona umbo jingine la ICAM-1, lenye tofauti ya asidi amino moja, ambalo watoto waliolirithi walielekea zaidi kupata malaria ya ubongo. Umbo hilo likaitwa Kilifi. Mwaka uliofuata uchunguzi wa Gambia haukupata uhusiano huo, na tafiti kubwa zilizokuja baadaye hazikuuthibitisha. Je, mwalimu aifiche habari hii asije akaonekana hana hakika? La, hasha. Twaona aisimulie yote. Mwanafunzi anayejua kwamba sayansi husema, hupimwa, kisha husahihishwa, hatayumba atakapoambiwa kwamba wataalamu wamebadili kauli. Aliyefundishwa kukariri tu, siku hiyo atairudia imani iliyokuwa ikimngoja nyumbani.

Nasi tusimfundishe mtoto kumdharau bibi yake. Bibi aliona kwa macho yake mtoto akitukutika ghafla, akatafuta sababu kwa kadiri ya alivyojua. Mwanafunzi arudi nyumbani, aeleze kwa adabu, akitumia kunde na kishona-nguo ambavyo bibi avijua kuliko mwalimu.

Twawaomba basi walimu wenzetu, hasa wale wa vyuoni, watenge vipindi viwili tu katika mada ya seli kwa ajili ya jambo hili. Muhtasari ni mrefu, twajua. Lakini vipindi vyapatikana iwapo tutapunguza kunakili michoro. Duara lile lichorwe bado, ila lichorwe pamoja na jirani zake. Na atakapokuja msichana mwingine kuuliza malaria hufikaje kichwani, asiambiwe angoje madarasa ya juu, maana wengi wa rafiki zake hawatayafikia, na degedege haingoji.