Uwanja wa Mbwa Tunao Tayari, Usio na Lango

Katika jiji la San Francisco, nchini Marekani, wakazi wamebishana kwa miaka mingi na mamlaka ya hifadhi juu ya haki ya kuwafungulia mbwa wao kamba ufukweni. Mwaka 1979 uliwekwa utaratibu uliowaruhusu kufanya hivyo katika baadhi ya fukwe. Baadaye watetezi wa ndege wadogo wanaopumzika mchangani walipinga, mashauri yakafika mahakamani, mikutano ya hadhara ikafurika watu. Msomaji wa Pasua au wa Kibosho ana haki ya kucheka. Huku kwetu ni nani aliyewahi kuomba kibali cha kumfungua mbwa? Mchana hufungiwa bandani, usiku huachwa alinde nyumba na migomba, na alfajiri hukutwa barabarani akiwa njia moja na watoto waendao shule. Uwanja ambao wenzetu wanauombea kibali, sisi tunao kuanzia Kiboriloni hadi Marangu.

Tofauti iko kwenye lango. Katika ugomvi ule wa ufukweni, chanjo haikuwa jambo la kugombaniwa: katika jimbo la California mbwa hapewi leseni bila uthibitisho kwamba amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Uhuru wa mbwa ulijadiliwa juu ya msingi uliokwisha kujengwa. Sisi tumeanza na uhuru, msingi tukauacha.

Gharama ya kuuacha inajulikana. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na takribani wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, sisi madaktari hatuna tiba. Tunabaki kumpunguzia mgonjwa mateso na kukaa na wazazi wake. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kati ya kung'atwa na dalili hupita kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu. Muda wa kumwokoa mtoto huyo ulikuwapo.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuwaua mbwa wote wazururao. Njia hiyo imejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997 mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa ukabaki. Mbwa akiondolewa, nafasi yake huchukuliwa na mwingine asiye na kinga, na mwenye mbwa anayempenda humficha au humhamishia kijiji cha pili pamoja na maradhi yake. Wapo pia wanaotaka kila mbwa afungwe mnyororo saa zote. Siwapingi kwa hasira, ila mbwa anayelinda shamba hatafungwa usiku, na amri isiyotekelezeka haimkingi mtu.

Kinachofaa kimeonekana karibu nasi, kisiwani Pemba, ambako chanjo za mbwa zilizorudiwa zilikata mnyororo wa maambukizi. Mwaka 2016 ugonjwa uliporudi kutoka nje ya kisiwa, chanjo zilirudi nazo zikaukomesha. Hesabu yake haitishi: kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mbwa wasiofika wawili, hivyo kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka kunatosha kuuzima moto huo, hata tukizingatia watoto wa mbwa wanaozaliwa katikati ya mwaka.

Basi mbona hatufiki asilimia hiyo? Fedha na umbali vinachangia. Ipo sababu nyingine isiyosemwa sana: mbwa wetu wengi hawajui kamba wala hawajazoea kushikwa. Siku afisa mifugo anapokuja, baba mwenye nyumba anamwogopa mbwa wake mwenyewe, na kazi ya kumburuta hadi kituoni huachiwa mtoto wa miaka 10 mwenye kipande cha katani. (Wengi wa mbwa hao huitwa Simba, na siku hiyo hulistahili jina.)

Ndiyo maana naona wazo la uwanja wa mbwa, ambalo juu juu ni anasa ya matajiri, linatufaa. Kila kata itenge eneo dogo lenye uzio, lifunguliwe asubuhi moja kila wiki. Mbwa aje na kamba, afunguliwe ndani, azoee watu na mbwa wenziwe, na mara moja kwa mwaka achanjwe hapo hapo. Asiye na cheti cha chanjo achanjwe kwanza, ndipo aingie. Eneo hilo lisiwekwe kandokando ya Mto Rau, Karanga au mifongo yetu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa mto, na kinyesi cha mbwa hubeba minyoo inayofika kwa wanaoteka maji chini.

Nitaulizwa kwa nini mbwa wapewe uwanja ilhali watoto hawana wa mpira. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba uzio huu unamhudumia zaidi mtoto, pamoja na jirani asiyefuga mbwa kwa sababu ya dini yake au kwa kutowapenda tu. Wao ndio wanaolipa kwa miili yao uzembe wa wafugaji.

Wenzangu wa zahanati, hadi hapo kazi yetu haibadiliki. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, chanjo ianze siku hiyo hiyo, na mbwa, akipatikana, aangaliwe kwa siku 10. Lakini msiishie kuandika jina la mgonjwa daftarini. Andikeni na kitongoji alikong'atwa, kisha mpelekeeni mwenyekiti idadi hiyo kabla ya mkutano wa kijiji, ambao huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ombi la uwanja likiwa na hesabu ya waliong'atwa na ya kaya zenye mbwa, halmashauri itapata tabu kuliweka kando.