Tabibu Mwenye Kiti cha Kupita

Kila baraza la mawaziri linapotangazwa, huzuka tena, magazetini na hata ndani ya matatu ziendazo Kawangware, rai kwamba Wizara ya Afya haina budi kukabidhiwa tabibu, kwa kuwa asiyepata kumshika mgonjwa hawezi kuzijua ila za hospitali zetu. Rai hiyo naistahi, ila historia yetu haikubaliani nayo sana.

Dakta Njoroge Mungai, mwana wa Dagoretti aliyepitia Alliance na Fort Hare, kisha akahitimu utabibu Stanford mwaka 1957, alirejea akaendesha zahanati, mojawapo hapo Riruta, na mwaka 1963, ilhali akiwa pia tabibu wa Mzee Kenyatta, akafanywa waziri wa afya na nyumba. Nani angalistahiki zaidi? Walakini, kabla uhuru haujatimiza miaka miwili, alikuwa amekwisha kuhamishiwa Ulinzi, na baadaye Mambo ya Nchi za Nje, ambako, kwa haki yake, alijitahidi sana hata makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yakaletwa Nairobi. Kiti chake kikakaliwa na Joseph Otiende, aliyekuwa waziri wa elimu na mwalimu kwa kazi yake. Na ni katika zama za mwalimu huyo ndipo ada ya wagonjwa wa nje ilipofutwa, mwaka 1965, na Skuli ya Utabibu ikafunguliwa, mwaka 1967. Sikanushi kwamba tabibu alishiriki katika kuweka misingi. Nasema tu kwamba Otiende aliachwa hadi 1969, akapata wasaa wa kujenga.

Wasaa huo leo ni adimu pale Afya House, makao ya wizara. Madaktari walipogoma Desemba 2016, wakakaa siku 100 nje ya wodi, walikuwa wakidai mkataba wa mwaka 2013, ambao waliouwekea saini kwa niaba ya serikali walikuwa wamekwisha kuondoka ofisini. Fauka ya hayo, tangu hospitali zigatuliwe, hospitali kama Mbagathi haiitiki amri ya wizara bali ya kaunti, na waziri, awe tabibu au asiwe, ahitaji miaka ya kusikilizana na magavana 47.

Bunge, linapomsaili mteule, humwuliza juu ya shahada zake. Liulize pia ataachwa kitini kwa muda gani, ingawa swali hilo, waama, jawabu lake li kwa Rais.