Homa baada ya tiba ya mawe ya figo si ya kupuuzwa

TIBA ya mawe ya figo ilichukua sura mpya Februari 1980, pale madaktari wa Munich, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, walipotumia kwa mara ya kwanza mawimbi ya mshtuko kuvunja jiwe ndani ya mwili wa mgonjwa bila kumpasua. Leo wagonjwa wengi hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, wepesi huo una upande wa pili: madhara yanapojitokeza, humkuta mgonjwa akiwa mbali na daktari wake.

Damu kidogo kwenye mkojo na maumivu wakati vipande vinatoka ni mambo ya kawaida. Yaliyo nadra ni mazito zaidi. Damu inaweza kuvuja na kukusanyika kuzunguka figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vipande vinaweza kujipanga na kuziba mrija upelekao mkojo kwenye kibofu. Baya zaidi, bakteria waliojificha ndani ya jiwe wanaweza kuingia katika damu.

Hapo ndipo mazingira ya Afrika Mashariki yanapoongeza hatari. Katika mji wenye malaria kama Dar es Salaam, mtu anayepata homa na kutetemeka usiku ni rahisi kununua dawa za malaria na kusubiri. Ilhali homa inayoambatana na njia ya mkojo iliyoziba ni dharura. Dawa za kuua bakteria pekee hazitoshi. Mkojo uliokwama lazima ufunguliwe njia haraka, la sivyo maisha yamo hatarini.

Ipo pia hatari ya kimyakimya. Baadhi ya wagonjwa huwekewa mrija mwembamba wa plastiki wa muda ili mkojo upite. Ukisahauliwa kwa miezi mingi, huota ukoko wa mawe mapya na unaweza kuiharibu figo kabisa. Asiyesikia maumivu huona hana sababu ya kulipa nauli kurudi hospitalini.

Kwa hiyo, mafanikio ya tiba hii hayaishii kwenye kuvunjika kwa jiwe. Mgonjwa anapaswa kuondoka na karatasi inayotaja tiba aliyopata, tarehe ya kutolewa mrija, na dalili za kumrudisha mara moja: homa, maumivu makali ya ubavu, mkojo kukoma au kutoka na mabonge ya damu. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya figo.