«Benyewe banauza»: mwenye aksio mkubwa akitoka, bei inafanya nini?

Kila mara inaposikika kwamba kampuni kubwa inauza sehemu yake katika mgodi wa Lualaba, maneno ni yale yale toka Dilala mpaka Kapata: «Benyewe banauza, kazi inaisha.» Kuna siku ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ya kuuza haiko hata chini ya udongo wa hapa.

Mfano wa karibu ni Tenke Fungurume. Mwezi wa 5, 2016, Freeport-McMoRan ya Marekani ilitangaza kwamba inauzia China Molybdenum, ile inayoitwa leo CMOC, sehemu yake ya asilimia 56 kwa dola miliari 2.65. Je, shaba ilikuwa imekwisha? Hapana. Leo mgodi ule unatoa shaba nyingi zaidi kuliko wakati wa Freeport. Shida ilikuwa deni. Mwaka 2013 Freeport ilinunua kampuni za mafuta na gesi kwao Marekani. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaanza kuanguka, na ya shaba nayo ikashuka. Kampuni ikabaki na deni la karibu dola miliari 20. Mtu mwenye deni kama hilo anauza kile chenye kupata mnunuzi haraka, hata kama ndicho kizuri alicho nacho.

Sasa, bei ya aksio (ao hisa, kama wanavyoandika Nairobi na Dar es Salaam) inaguswa namna gani? Kwanza ni hesabu ya sokoni tu: aksio nyingi zikimwagwa kwa siku moja na wanunuzi ni wale wale, bei inashuka, sawa na unga ukijaa sokoni. Ndiyo maana wakubwa wengi hawapiti sokoni. Wanatafuta mnunuzi mmoja na kupatana naye pembeni, na bei ya sokoni inaweza isitikisike sana. Jambo la pili ni wasiwasi. Wenye aksio wadogo wanajiuliza: huyu anayekaa karibu na vitabu vya kampuni, ameona nini?

Wasiwasi huo unaweza kuja hata kama wakubwa wenyewe wananunua. Mwezi wa 9, 2015, Glencore, yenye KCC, ilikuwa imeelemewa na deni. Ikatangaza mambo mawili pamoja: kutoa aksio mpya za dola miliari 2.5, na kusimamisha uzalishaji wa KCC kwa miezi 18 hivi, pamoja na ule wa Mopani kule Zambia. Viongozi na wafanyakazi wake wakachukua asilimia 22 ya aksio hizo mpya, kuonyesha kwamba wana imani. Haikutosha. Tarehe 28 ya mwezi ule ule, bei ya aksio za Glencore London ikaanguka asilimia 29 kwa siku moja.

Hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Anguko la London halikufunga KCC; tangazo la kusimamisha kazi lilitangulia. Deni moja lilizaa yote mawili. Lakini mtu wa Luilu aliyekuwa anaishi kwa sous-traitance hakuwa na aksio hata moja London, na alilipa.

Baadaye Kolwezi iliona namna nyingine ya kuuza. Mwezi wa 2, 2017, Dan Gertler aliuzia Glencore asilimia 31 ya Mutanda na karibu asilimia 10 ya Katanga Mining, kampuni iliyokuwa na asilimia 75 ya KCC na iliyoandikishwa Toronto. Mapatano yalikuwa ya watu wawili, inje ya soko. Glencore ikafikisha asilimia 86 ya Katanga Mining. Kampuni ikiwa mikononi mwa mtu mmoja namna hiyo, aksio zinazobaki kutembea sokoni ni chache sana, na mauzo kidogo tu yanaweza kuvuta bei juu ao chini. Ile bei ya Toronto, basi, haikuwa tena kipimo kizuri cha mgodi. Deni la kampuni kwa Glencore likageuzwa aksio, wadogo wakabaki na kipande chembamba, na mwaka 2020 wakanunuliwa kwa senti 16 za Kanada kwa kila aksio. Katanga Mining ikatoka sokoni.

Kwa Lualaba, ulizo zito liko kwingine: mauzo yanafanyikia wapi? Kile Freeport ilichouza 2016 kilikuwa aksio za TF Holdings, kampuni ya Bermuda iliyoshika asilimia 80 ya Tenke Fungurume. Gécamines, yenye asilimia 20, ililalamika kwamba mali inabadilisha mikono bila yenyewe kushirikishwa. Ugomvi uliisha kwa mapatano mwezi wa 1, 2017. Lundin Mining nayo iliuza asilimia 24 yake kwa BHR kwa dola miliari 1.136, na mwaka 2019 CMOC ikachukua kipande hicho.

Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwezi wa 3, 2018 iliweka ushuru juu ya faida ya mtu anayeuza aksio za mgodi. Kupata makuta hayo ni kazi nyingine: wenye kutoza wanapaswa kujua mapema kwamba kuna karatasi inayotiwa sahihi Bermuda, Toronto ao Hong Kong, na bei iliyoandikwa juu yake.