Vitambulisho Vimetoka, na Kipemba Je?

Tarehe 30 Januari 2023 Rais William Ruto alitoa tangazo la kuwatambua Wapemba waishio Kenya kuwa moja ya jamii za nchi hiyo. Julai mwaka huohuo, mjini Kilifi, baadhi yao wakakabidhiwa hati. Wazee waliovua bahari ile tangu ujana wao wakashika kwa mara ya kwanza kadi inayosema kuwa wao ni wa pale. Sisi wa upande huu wa Mkondo wa Pemba tulifurahi nao. Lakini kazi bado, na sehemu kubwa ya iliyobaki inatuhusu sisi wa huku Pemba.

Wapemba walifika Kenya kwa dago, yaani kambi za uvuvi za msimu. Msimu ukiwadia, wavuvi wa Kojani na vijiji vingine vya pwani walivuka na ngalawa na mashua zao, wakapiga kambi Vanga, Shimoni, Gazi, hadi Mayungu karibu na Malindi. Wengine walirudi. Wengine walioa hukohuko, wakazaa, wakazikwa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wakaongezeka waliovuka na familia nzima bila nia ya kurudi.

Kilichowatesa ni tarehe. Sheria ya Uraia ya Kenya ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa, kwa sharti kwamba wawe wameishi nchini humo tangu 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea 12 Januari 1964. Waliokimbia wakawa wamechelewa kwa mwezi mmoja. Na waliowatangulia wangethibitisha vipi, wakati kambini hakuna aliyekuwa akiwaandikia wavuvi risiti ya kuishi? Dirisha hilo likafungwa 2019, wengi wakiwa bado nje.

Kukosa kitambulisho pwani ya Kenya maana yake ni kukosa leseni ya uvuvi, laini ya simu, akaunti ya benki na hati ya nyumba. Samaki unavua wewe, anauza mwingine kwa bei anayoitaka. Mtoto anakwama penye cheti cha kuzaliwa. Na safari ya kwenda hospitali inakuwa ya woga, maana njiani kuna polisi.

Haki ya uraia haikudondoka kutoka mbinguni. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba waliona, wakajipanga kijiji kwa kijiji, wakahesabiana, wakasaidiwa na Haki Centre ya Mombasa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wakapeleka madai yao hadi yakasikika. Wanaokadiriwa kufika 7,000 waliipigania wenyewe, na sifa ni yao.

Wapo Pemba wanaokereka kusikia Wapemba wakiitwa kabila, kwa kuwa huku kwetu hatujigawi hivyo. Tunawaelewa. Ila Kenya inamtambua raia kwa kuuliza kabila lake, na mtu aliye nje ya mlango hana nafasi ya kuchagua umbo la mlango.

Linalotuuma sasa ni gharama ya miaka ile ya kujificha. Wapo waliojiandikisha kuwa Wadigo au Wabajuni ili waishi kwa amani. Anayejificha huchunga ulimi wake, akawafunza na watoto wake kuuchunga. Kwa hiyo vitambulisho vimetoka wakati ambao waliobaki na Kipemba kamili ni wazee. Wao ndio wanaojua majina ya miamba na mikondo, namna ya kusuka dema, na bamvua lipi lina samaki gani. Wao ndio waliokulia katika ngoma za msewe na kibati. Kijana wa Mayungu anaweza kumaliza shule bila kuwasikia Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa cha babu yake. Kila mzee anayefariki anaondoka na sehemu ya hazina hiyo.

Hazina kama hiyo inaweza kurudishwa. Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa eneo la San Diego, walikatwa katikati na mpaka wa Marekani na Mexico uliochorwa baada ya vita mwaka 1848. Upande wa Marekani lugha yao ilififia zaidi. Upande wa Mexico, katika vijiji kama San José de la Zorra, wazee waliendelea kuizungumza na kusuka vikapu vyao. Walipoamua kuurudisha utamaduni wao, wa kaskazini walikwenda kujifunza kwa ndugu zao wa kusini. Walidai pia njia halali ya kuvuka mpaka kutembeleana. Na mwaka 2020, ukuta wa mpakani ulipopitishwa katika ardhi wanayosema ina makaburi ya wazee wao, walisimama wakapinga. Sisi wa Pemba tuko katika nafasi ya wale wa kusini: lugha tunayo, ngoma tunazo, makaburi ya mababu yako kwetu.

Tunaambiwa kwamba kuwafuata ndugu zetu wa Kenya na Upemba wetu kutawafanya majirani zao wawaone wageni tena. Hatukubali. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Wamaasai wako Kajiado na wako Ngorongoro. Hakuna anayewavua uraia kwa kusema lugha ya mama zao. Hofu hiyo ni masalia ya miaka ya kujificha, na haifai kuongoza mambo leo.

BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imekwishatoa kamusi ya Kipemba. Nakala zifike shule za Shimoni na Mayungu, na watafiti wake wakakae na wazee wa huko, kwa sababu maneno yaliyosahaulika Micheweni huenda bado yanasemwa Vanga. Makumbusho ya Pemba, katika ngome kongwe ya Chake Chake, yatenge nafasi kwa habari za dago na za waliovuka 1964, zikisimuliwa na wenyewe. Serikali ya Kenya imalize kuwaandikisha waliosalia, wakiwemo waliobeba majina ya makabila mengine, na wasiadhibiwe kwa kusema ukweli. Na Dodoma, Zanzibar na Nairobi zikubaliane utaratibu rahisi na wa bei nafuu wa ndugu kuvuka mkondo kutembeleana, kuoana na kuzikana. Utaratibu huo uanze kabla ya msimu ujao wa dago, kwa maana wavuvi watavuka tu, kwa hati au bila hati.