Kufuli la gemu si mlezi

Shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Novemba, wazazi wengi wa Nakuru huniuliza swali moja: Je, daktari, kuna kifaa cha kumzuia mtoto asicheze gemu kutwa kucha? Vifaa hivyo vipo, na vingi havilipiwi chochote. Hata hivyo, yafaa mzazi aelewe ni kazi gani kifaa kinaweza kumfanyia, na ni ipi itakayobaki kuwa yake mwenyewe.

Kwa simu za Android kuna programu ya Family Link, iliyoletwa na Google mwaka wa 2017. Mzazi hupanga muda wa kutumia simu kwa siku na saa ya kufungwa usiku. Simu za iPhone zilipata mpango wa aina hiyo, Screen Time, mwaka wa 2018. Mashine za PlayStation 4 na 5 nazo zina sehemu ambapo mzazi huweka muda wa kucheza. Mama anayeshinda kazini katika mashamba ya maua ya Naivasha anaweza kufunga simu ya mtoto aliye nyumbani Langalanga bila kuondoka alipo. Huo ni msaada mkubwa, na sioni sababu ya kuudharau.

Kasoro ni kwamba wengi wetu huhesabu dakika za mchana na kusahau usiku. Watoto wa miaka 10 hadi 16 huletwa kwangu wakilalamika kuumwa na kichwa na kuwashwa na macho, huku walimu wakisema wanasinzia darasani. Mzazi hutaka mtoto apimwe malaria na homa ya matumbo, kisha aandikiwe vitamini. Penye dalili, tutapima. Lakini kabla ya sindano mimi huuliza: Simu ya mtoto hulala wapi? Mara nyingi naambiwa hulala naye kitandani.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu, ikiwa amecheza hadi saa sita usiku, amelala saa 5 tu. Hakuna vitamini inayoweza kufidia usingizi uliopotea. Kwa hivyo, mzazi anayetaka kuweka kufuli moja tu, naliwe la usiku. Simu zote zichajiwe sebuleni au chumbani mwa wazazi, na ya mzazi iwe miongoni mwazo. Mtoto hasikii amri ya baba ambaye mwenyewe anatazama simu hadi usiku wa manane.

Jambo la pili ni kwamba kufuli la nyumbani huishia langoni. Katika mitaa yetu mingi kuna vibanda vya PlayStation ambapo mtoto hulipa shilingi chache kwa kila mechi. Ukifunga kila kitu nyumbani bila kumwonyesha mtoto jambo jingine la kufanya, nauli na pesa za chakula cha mchana zitaishia huko, tena usijue anacheza na nani. Siwalaumu wenye vibanda, kwani nao wanatafuta riziki. Nasema tu mzazi apite pale, amfahamu mwenye kibanda, na wakubaliane saa ambayo mtoto wake hapaswi kuonekana hapo.

Tatu, tuangalie ugomvi. Stima inapopotea mtaani, mtoto hununa kidogo kisha akatoka nje kucheza. Hamgombezi mtu, maana hakuna wa kugombezwa. Lakini mzazi akizima mashine katikati ya mechi, nyumba huwaka moto. Sababu ni kwamba gemu nyingi zinazochezwa na wengine kupitia intaneti haziwezi kusimamishwa kwa muda, na anayetoka ghafla huonekana amewaangusha wenzake. Basi msikilizane mapema, kabla ya likizo kuanza, kuhusu saa ya mwisho. Mwonye mtoto dakika 15 kabla, na asianze mechi nyingine. Kufuli lililokubaliwa humkumbusha mtoto ahadi yake. Lililowekwa kwa siri humfundisha kutafuta nambari yako ya siri, na nambari hiyo ikiwa ndiyo ile ya M-Pesa, hasara itakuwa mara mbili.

Sisemi kwamba kila mtoto apendaye gemu ni mgonjwa. Uraibu wa gemu umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini masharti yake ni makali. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu ziwe zimetangulia masomo, chakula na marafiki, naye aendelee kucheza ijapokuwa anadhurika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Ukiona dalili hizo, usingoje mwaka uishe. Mlete mtoto kwa daktari au umpeleke kwa mshauri nasaha. Pengine gemu ni maficho tu, na kinachomsumbua ni kuonewa shuleni, msiba, au ugomvi wa wazazi.

Mwisho, kila dakika unayomnyima mtoto kwenye gemu itafute pa kwenda. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Hapa ndipo wakazi wa mitaa tunapaswa kuinua sauti, kwani ploti zilizokuwa viwanja vya kandanda zimejaa majumba ya kukodisha. Tangu Desemba 2021 Nakuru ni jiji, na jiji lisilo na mahali pa watoto kukimbia linawarudisha kwenye viti vya PlayStation.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Funga simu usiku, mwana alie kidogo. Lakini kesho yake saa kumi jioni, mfungulie mlango na umpe mpira.